Niulize Mimi, Mama

Cherehani mbili zilikaa ubavu kwa ubavu chini ya dirisha. Moja ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka pale mkono wa mshonaji unapoegemea. Ya pili ilikuwa imetiwa mafuta juzi tu, na kiti chake kilikuwa na mto mpya.

"Hapa atakaa Mpole," alisema Mama Cherehani, akiupigapiga ule mto. "Mimi hapa, yeye pale. Nikigeuka tu, namwona."

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa mlangoni akijaza upepo gurudumu la mteja. Alisimamisha pampu.

"Na chuo je, mke wangu?"

"Ameshakiona. Amejaribu. Sasa arudi nyumbani."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nitamuulizaje? Kwa lugha gani?"

Baba akarudi kwenye pampu yake, fyuu, fyuu, fyuu.

Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, kwa sababu nusu ya watoto wa pale walivaa sare alizozishona yeye. Mpole alikuwa kitinda mimba wake. Alipokuwa na miaka miwili, mtoto huyo aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena.

Siku ile Mama alijiambia, "Basi mimi nitakuwa masikio yake. Mimi nitakuwa mdomo wake."

Na kweli alikuwa. Kwa daktari, dukani, mbele ya wageni, watu walimuuliza Mama na Mama akajibu. Mtoto anaumwa wapi? Tumbo. Mtoto anapenda rangi gani? Buluu. Mara nyingi Mpole alikuwa hapo hapo, akichezesha mikono yake haraka haraka, uso umechangamka, macho yanang'aa.

"Anasema nini?" wageni waliuliza.

"Anasema ana njaa," Mama alijibu.

Basi Mpole huletewa chakula. Naye hula, maana afanyeje?

Alisoma shule ya bweni ya watoto viziwi. Huko alijifunza lugha ya alama. Mwalimu wake alimwambia Mama, "Nanyi wazazi jifunzeni. Mtoto anahitaji watu wa kuongea naye nyumbani." Mama alicheka kwa adabu. "Hiyo ni kazi yenu walimu. Sisi nyumbani tuna ishara zetu."

Kweli walikuwa nazo. Kulikuwa na ishara ya kula, ya kulala, ya njoo, ya moto, ya vibaya, ya kushona. Zilitosha kwa shughuli za siku. Kwa mazungumzo hazikutosha. Kila likizo binti alirudi mkimya kuliko likizo iliyopita. Alikaa pembeni akitabasamu, akikunja vitambaa vya mama yake. Ndiyo maana wakamwita Mpole.

Akafaulu mitihani. Akapata nafasi chuo kikuu. Mtaa ulimshangilia, ila mjomba wake alitikisa kichwa.

"Chuo kikuu ni mahali pa kusikiliza," alisema mjomba. "Profesa anaongea saa nzima. Bubu atasikiliza nini?"

Neno hilo lilimchoma Mama kama sindano chini ya ukucha. Muhula wote wa kwanza hakuwa na raha. Alimwona Mpole akilini mwake, amekaa peke yake, watu wanaongea na kucheka, yeye hajui lolote. Ndipo akaitafuta ile cherehani ya pili.

Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu ya Baba. Mama aliusoma polepole, akiunga herufi. "Mama na Baba, njooni Ijumaa. Chuo kina sherehe ya historia ya wanafunzi wenye ulemavu. Mimi nina kazi."

"Kazi gani tena?" Mama alisema. "Watakuwa wanamfagilisha ukumbi. Twende. Sherehe ikiisha, tunarudi naye."

Siku ya Ijumaa walifika chuoni asubuhi. Majengo yalikuwa marefu, na vijana walipita makundi kwa makundi wakiwa na mikoba mgongoni. Mama alishika mkono wa mumewe kama siku ya harusi. Kabla hawajajua pa kwenda, Mpole alitokea mbio, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja hata kofia ya Baba ikaanguka.

Nyuma yake alikuja kijana mrefu mwenye ndevu. Alivaa shati jeusi tupu, lisilo na ua wala mstari. Macho ya mshonaji yalikwenda moja kwa moja kwenye shati hilo.

"Kijana, umefiwa?" Mama aliuliza kwa upole.

"Hapana, mama," kijana alicheka. "Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Navaa hivi ili mikono yangu ionekane vizuri. Nikivaa maua, macho ya viziwi yatachoka."

Aliwaingiza katika ofisi ndogo yenye viti vinne. Mlangoni pameandikwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wenye ulemavu wanapopata huduma. Mpole alikaa mkabala na wazazi wake. Mkalimani alikaa karibu na wazazi, ubavuni kidogo, ili Mpole awaone wote pamoja.

"Mwambie tumefika salama," Mama alimwambia mkalimani.

Mikono ya mkalimani ikaenda. Kisha akasema, "Mama, huna haja ya kusema 'mwambie'. Mtazame yeye, ongea naye. Mimi nitapeleka."

"Haya. Mwambie nimeelewa."

Baba alichekea puani.

Mpole akainua mikono. Vidole vyake vilikwenda haraka, nyusi zikapanda na kushuka. Na palepale sauti nzito ya kiume ikasema, "Baba, umenyoa ndevu! Umekuwa kama kijana anayekwenda kuposa."

Baba aliruka kwenye kiti. "Nani kasema hivyo?"

"Binti yako," alijibu mkalimani. "Mimi ni sauti tu."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alijishika kidevu, akacheka tena. Lakini Mama hakucheka. Alimtazama binti yake, akamtazama mkalimani.

"Amesema hivyo yeye? Au wewe unamwongezea?"

"Siongezi, mama, wala sipunguzi. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yetu. Kinachosemwa kwa mdomo humu ndani nakipeleka kwa mikono. Kinachosemwa kwa mikono nakipeleka kwa mdomo. Chochote kile."

Mama alitikisa kichwa kukubali, lakini maneno yale yalimpita. Akainama upande wa mkalimani. Akashusha sauti, kama alivyozoea kuishusha maisha yote mbele ya mtoto wake.

"Kijana wangu, nakuomba jambo. Hili usimwambie kwanza. Nimekuja kumchukua. Nimeshampangia cherehani. Maskini huyu, hata nauli hawezi kuulizia, kila mtu atamdhulumu. Hapa wanamweka tu kwa huruma. Sherehe ikiisha ndipo nitamwonyesha kwa ishara kwamba twende... Mbona unapunga mikono?"

"Nafasiri, mama."

"Si nimesema hilo usimwambie?"

"Na hilo pia nimelifasiri."

Mpole alikuwa ameacha kutabasamu. Alikaa wima. Mikono yake ilipoanza tena, ilikwenda taratibu, na sauti ya mkalimani ikashuka nayo.

"Mama, kumbe ndivyo unavyosema? Tangu nikiwa mdogo naona midomo yako ikisogea juu ya kichwa changu. Kisha naona watu wananitazama kwa huruma. Nilikuwa sijui unawaambia nini. Leo nimejua."

"Mwambie kwamba mimi..." Mama alianza, akakatiza. Polepole, kama mtu anayegeuza kitu kizito, aliligeuza bega lake kutoka kwa mkalimani. Akamtazama binti yake machoni.

"Mimi nakupenda, mwanangu. Naogopa."

"Najua," ilisema mikono ya Mpole. "Lakini hujawahi kuniuliza. Mjomba umemuuliza. Moyo wako umeuuliza. Niulize mimi, Mama. Leo tembea nami kwanza. Ona kazi yangu. Ukishaona, uniulize, nami nitakujibu."

Mama hakuwa amewahi kusikia sentensi hata moja nzima kutoka kwa mtoto huyu. Sasa zimekuja nyingi kwa mara moja, tena kwa sauti ya mtu mwenye ndevu, na kila moja ilikuwa na akili timamu ndani yake.

Walitoka, wakaenda kwenye jengo la maktaba. Mbele yake hapakuwa na ngazi, bali njia pana ya mteremko iliyopanda taratibu. Ukumbi wa chini ulikuwa na picha ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wageni walikuwa wamejaa, wahadhiri na wanafunzi. Wengine walikuja na fimbo nyeupe, wengine kwa viti vya magurudumu. Mama alitafuta kwa macho mtu atakayewaongoza. Akaona wote wamegeuka upande mmoja, wanamsubiri Mpole.

"Picha hizi amezitafuta yeye," mkalimani alimnong'oneza, huku mikono yake ikifasiri mnong'ono huo huo. "Muhula mzima, yeye na wenzake. Amewatembelea wazee majumbani kwao."

Mpole alisimama kwenye picha ya kwanza. Ilionyesha kijana asiyeweza kutembea, amekaa kitini, amebebwa na wenzake wanne kwenye ngazi.

"Huyu alibebwa hivi kila siku kwenda darasani," alisema Mpole kwa mikono, na sauti ya mkalimani ikamfuata. "Wenzake walikuwa wema sana, na aliwashukuru. Lakini alisema, siku wakichoka, masomo yangu yatabaki chini ya ngazi. Siku moja yeye na wanafunzi wengine wenye ulemavu waliitwa kwenye mkutano wa kuzungumzia matatizo yao. Mnajua mkutano uliwekwa wapi? Ghorofa ya tatu!"

Watu wakaguna na kucheka.

"Walifika chini ya ngazi, wakakataa kubebwa. Wakasema, sisi tumefika, tunawasubiri ninyi. Wakangoja. Mwishowe mkuu wa chuo wa wakati ule aliteremka na makaratasi yake. Alisimama kidogo, akatafakari, kisha akakaa kwenye ngazi pamoja nao. Mkutano ukafanyika pale pale. Mteremko mliopitia kuingia humu ulizaliwa siku ile."

Baba aliangalia nyuma kuelekea mlangoni. "Ndiyo maana," alisema polepole. "Nilijiuliza mbona tumepanda wala pumzi haikukata. Hata mwenye kiti cha magurudumu anapanda peke yake, hasukumwi na mtu. Huo umejengwa na mtu aliyeuliza kwanza."

Mpole alimwona baba yake anaongea, akageukia mikono ya mkalimani. Kisha akampa baba yake dole gumba. Baba akavimba kifua kama jogoo.

Kwenye picha ya pili alionekana msichana asiyeona, na wenzake wamemzunguka, kila mmoja na kitabu. "Walipeana zamu kumsomea," alieleza Mpole. "Mmoja alisoma asubuhi kabla hajanywa chai. Leo kompyuta zetu zinasoma kwa sauti, na vitabu vya nukta nundu vipo." Akawapa wageni ukurasa mmoja waupapase wakiwa wamefumba macho. Mama alipitisha kidole chake juu ya zile nukta ndogo zilizonyanyuka. Kidole kilichozoea kutafuta mshono gizani kilizisikia vizuri, safu kwa safu. Zilikuwa maneno. Mtu alikuwa ameandika, na mtu mwingine angeweza kuyasoma bila kuyaona. Mama alifumbua macho, akapumua kwa nguvu.

Mwisho wa ukuta palikuwa na meza, na juu yake karatasi zilizofifia rangi ya samawati. Nyuma ya meza walikaa bibi wawili. Mmoja alikuwa na nywele nyeupe pe.

"Huyu ndiye Bibi Kaboni," alisema Mpole, na uso wake ukalainika. "Ni kiziwi wa kwanza kuhitimu hapa. Zamani hapakuwa na mkalimani hata mmoja. Huyu rafiki yake anasikia. Aliweka karatasi ya kaboni chini ya karatasi yake kila siku, ili akiandika, ipatikane nakala ya Bibi. Miaka yote ya masomo."

Rafiki yule alicheka. "Ilibidi nikandamize kalamu kama naua mdudu. La sivyo nakala ya chini haisomeki." Akanyoosha kidole cha kati. Kilikuwa na sugu pale kalamu inapokaa. Mama alikitazama, akatazama sugu ya mkasi kwenye kidole chake mwenyewe.

"Bado haijaisha, dada?"

"Haijaisha. Na sitaki iishe."

Bibi Kaboni alianza kusema kwa mikono. Mikono yake ilitetemeka kidogo kwa uzee, lakini mkalimani hakukosa neno.

"Kwa nakala zake nilifaulu. Lakini nitakwambia kilichoniuma. Mwalimu akisema jambo la kuchekesha, darasa zima linacheka. Mimi nami nacheka, nisionekane mjinga. Sijui wanacheka nini. Nilikuwa nacheka baada ya wote. Nilipohitimu, nilirudi hapa mara kwa mara na viziwi wenzangu, tukidai wakalimani. Ilichukua miaka mingi. Leo nimekuja kucheka kwa wakati wake."

Mama alishika mkono wa bibi yule. Hakujua ishara yoyote ya kumpa pole, basi akaushika tu, na Bibi Kaboni akamwacha aushike.

Baadaye waliingia ukumbi mkubwa. Bibi Kaboni na rafiki yake walikaa mstari wa mbele, na wazazi wa Mpole kando yao. Jukwaani aliitwa mwanafunzi wa kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Mama alipiga makofi kwa adabu, akisubiri kuona ni nani.

Akapanda Mpole.

Mama alimshika mumewe goti. "Mbona wanampandisha huku? Hana sauti!"

"Tulia, mke wangu. Ataazima tena ile yenye ndevu."

Mkalimani alikuwa chini, kiti cha mbele, na kipaza sauti mkononi. Jukwaani palikuwa na Mpole peke yake, na taa zimemwangaza. Aliwatazama watu. Kisha akaanza.

"Wiki yangu ya kwanza, mhadhiri mmoja aliambiwa mimi ni kiziwi. Ni mtu mwema sana. Kwa hiyo akapaza sauti."

Mpole akageuka kuwa mhadhiri. Alivuta tumbo, akapanua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Alipoona sijibu, akapaza zaidi. Darasa la jirani likatoka mbio, wakidhani kuna moto. Walinzi wakaja. Chuo kizima kilitaharuki. Mtu mmoja tu ndiye aliyekaa kwa utulivu, anaandika tarehe."

Upande wa kulia, waliko wanafunzi viziwi, kicheko kililipuka. Punde kidogo, maneno ya mkalimani yalipomalizika, wengine wote wakalipuka nao. Na ilikuwa hivyo kila mara. Viziwi walicheka kwanza, wanaosikia wakafuata. Mpole alikuwa mhadhiri, akawa mlinzi, akawa mpishi wa chuo anayemgawia vipande viwili vya nyama kwa huruma. "Huyo," alisema, "naombeni asielimishwe bado."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Katikati ya kicheko akagundua jambo. Leo yeye ndiye anayecheka baada ya wote. Ukumbi huu wenye watu wengi ulikuwa ukimsikia mtoto wake kuliko mama aliyemzaa.

Akageuka kumtazama Bibi Kaboni. Bibi alikuwa akicheka na wa kwanza, mabega yakimtikisika, mkono ameuweka kifuani kama mtu anayezuia kitu kisimtoke.

Mpole alimaliza, akainamisha kichwa. Hapakuwa na makofi. Mama alishtuka, akatazama nyuma. Ukumbi mzima ulikuwa umenyanyua mikono juu. Ilikuwa mamia ya viganja vilivyofunguka, vikitikisika hewani, safu juu ya safu mpaka mlangoni. Wahadhiri, wapishi, wanafunzi, wote. Hapakuwa na sauti, ila upepo mdogo wa mikono. Na binti yake alisimama mbele ya yote hayo, anayaona.

"Ndivyo viziwi wanavyopongezwa," rafiki wa Bibi Kaboni alimwambia. "Makofi hawayasikii. Haya wanayaona."

Mama alinyanyua mikono yake miwili. Alikuwa hajawahi kuiona kuwa kitu cha ajabu mikono hii. Aliitikisa mpaka ikauma.

Wanafunzi walianza kufinya ncha za pua zao na kumwonyesha Mpole jukwaani.

"Na hiyo ni nini?" Mama aliuliza.

"Hilo ni jina lake," rafiki yule alijibu. "Kila mtu katika jamii ya viziwi hupewa jina la alama na wenzake. Lake maana yake ni Mtundu."

"Mtundu? Mpole wangu?"

"Mama, huyo hajawahi kuwa mpole hata siku moja. Alikuwa hana wa kuongea naye."

Watu walipoanza kutawanyika, Mama alimngoja binti yake chini ya jukwaa. Mkalimani alisogea. Safari hii Mama hakumtazama kabisa. Alisimama mbele ya Mpole, akamgusa bega taratibu, na macho yao yakakutana.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Unataka kurudi nyumbani?"

Mpole alivuta pumzi. "Likizo, ndiyo. Napenda kushona na wewe. Lakini nataka kumaliza masomo. Nataka kuwa mwanahistoria. Kuna picha nyingi kwenye masanduku bado hazina majina. Wenyewe wanazeeka."

Mama alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi maliza. Na mimi nifanye nini?"

"Jifunze lugha yangu."

"Vidole vyangu vimekakamaa, mwanangu. Umri huu!"

Bibi Kaboni aliyekuwa akitazama mikono ya mkalimani aliingilia. "Vidole vinavyopitisha uzi kwenye tundu la sindano? Usitudanganye, mama."

Wote wakacheka, na safari hii Mama hakuchelewa sana.

Baba alimgeukia mkalimani. "Kijana, na wewe je, huwezi kuja kutufundisha nyumbani?"

"Walimu wazuri ni viziwi wenyewe, baba. Lugha ya alama ni lugha kamili, ina sarufi yake na mizaha yake, na wenyewe wapo. Tafuteni kiziwi hapo mtaani, au ulizeni chama cha viziwi. Mkalimani ni wa darasani, hospitalini, mahakamani. Jikoni kwenu hamhitaji mtu katikati."

Walirudi nyumbani wawili. Wiki ile ile Mama alikwenda kwa fundi viatu wa sokoni. Fundi huyo alikuwa kiziwi, na Mama alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Siku zote alimwonyesha kiatu kilichochanika, akalipa, akaenda zake. Safari hii alisimama mbele yake, akaonyesha mikono yake mwenyewe, akaonyesha ya fundi, akaunganisha ishara mbili alizofundishwa na Bibi Kaboni kabla ya kuagana. Mimi. Kujifunza.

Fundi viatu aliweka nyundo chini. Akasimama, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Kuanzia hapo, kila Jumapili alasiri alikuja kwao. Cherehani ya pili ilisogezwa ukutani ili watu wapate pa kukaa. Walikuja majirani, alikuja muuza duka, hata mjomba akaja. Mjomba alisema amekuja kutazama tu. Alitazama Jumapili tatu, ya nne akakaa mstari wa mbele. Siku moja Mama alitaka kumkaribisha fundi viatu chakula. Mikono ikateleza, akamwambia kwamba anataka kumpika. Fundi alijishika tumbo kwa kucheka, akajipima paja kama anayeuliza kama litatosha watu wote.

Walijifunza na mambo madogo. Ukitaka kiziwi akutazame, mguse bega au mpungie mkono. Usisimame mbele ya dirisha lenye mwanga, uso wako utakuwa giza. Na neno "bubu" likapungua mtaani, kwa sababu fundi viatu aliwaeleza kuwa yeye ni kiziwi, tena ana maneno mengi kuliko wao.

Likizo ilipofika, Mpole alirudi. Jioni ya kwanza aliingia jikoni kwa mama yake. Mama alikuwa amebandika maji ya chai. Aligeuza kigoda chake mpaka mwanga wa mlangoni ukaangukia mikono yake, akakaa.

"Karibu nyumbani," alisema kwa mikono. "Ongea. Ukienda mbio, nitakuzuia."

Mpole alikaa mkabala naye. Kisha akauliza, polepole, kila alama peke yake.

"Babu alikwenda wapi?"

Baba mzazi wa Mama alikuwa amekaa nao Mpole alipokuwa mtoto. Alimbeba mabegani kila asubuhi.

"Siku moja walikuja watu wengi," Mpole aliendelea. "Ulilia. Mimi nikapelekwa kwa jirani. Niliporudi, kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilivunja miwani yake wiki ile. Nikadhani amenikasirikia, ameondoka kwa sababu yangu. Nilidhani hivyo mpaka nilipokuwa mkubwa. Nikajua amekufa. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia."

Machozi yalimtoka Mama, lakini hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Babu hakukasirika," alisema. "Hata kidogo. Moyo wake uliugua." Hakujua alama ya kusema ulisimama, basi akaweka ngumi kifuani, akaipigisha, akaisimamisha. Mpole akamwonyesha alama yenyewe. Mama akairudia. "Ile miwani aliifunga kwa uzi wangu mweupe. Akaivaa hivyo hivyo. Watu wakimcheka, anasema mjukuu wangu ndiye fundi wangu wa miwani."

Mpole alicheka huku analia. "Alisema hivyo?"

"Alisema. Na mengine mengi. Nikuambie?"

"Niambie yote."

Mama akaanza. Pale alama zilipomwishia, aliigiza, na Mpole akampa neno. Alimweleza babu alivyotembea, alivyokoroma, alivyomwimbia akijua hasikii, mdomo karibu na shavu lake ili ahisi pumzi. Jikoni palikuwa kimya kabisa. Moto uliendelea kuwaka, maji yakachemka, yakapungua, yakaisha.

Baba aliingia na mafuta ya mnyororo mikononi, akinusa.

"Jamani, sufuria inaungua! Chai iko wapi?"

Mama hakugeuka. Alimnyooshea kiganja kimoja kumzuia. Kisha kwa mikono yote miwili, macho yake hayajatoka kwa binti yake, akamjibu:

"Ngoja. Tunaongea."